Somo la Saba: Kuchagua Pikapu Iliyotumika kwa Ajili ya Kuvuta Gari la Porini

Utangulizi

Mwenye gari la porini hufika wakati akahitaji kulipeleka mbali bila kuliendesha. Huenda gari lenyewe limeinuliwa na kufungwa matairi makubwa, likawa zuri matopeni na baya kwenye lami. Huenda ni gari la shamba lililozeeka, lisiloweza tena kumaliza kilomita 500 kwa mkupuo mmoja. Mmiliki hununua tela, kisha huingia yadini kutafuta pikapu iliyotumika. Huko hukutana na muuzaji anayepiga boneti kwa kiganja na kusema, “Hii mzee inavuta tani tatu bila wasiwasi.”

Kauli hiyo yaweza kuwa ya kweli na bado ikamponza mnunuzi. Takriban kila pikapu ya dizeli huweza kulikokota tela zito mahali tambarare. Swali gumu zaidi ni kama pikapu hiyo itaweza kulizuia tela hilo kwenye mteremko wa Kitonga au wa Sekenke, ikiwa na abiria, maji, vipuri na mafuta ya akiba. Jibu la swali hilo halipatikani kwa kusikiliza mlio wa injini. Hupatikana kwa kusoma nambari za mtengenezaji, kujumlisha uzito kwa uaminifu, na kukagua sehemu ambazo muuzaji huzipita haraka.

Baada ya kusoma somo hili, mnunuzi aweze:

• kukadiria uzito wa mzigo wake kabla ya kwenda yadini;
• kutofautisha mipaka minne ya uzito na kuitumia katika hesabu moja;
• kutambua dalili za pikapu iliyochoshwa na kazi ya kuvuta;
• kuandika makubaliano yatakayomlinda endapo kauli ya muuzaji itathibitika kuwa ya uongo.

1. Anza na mzigo

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuchagua pikapu kwanza, kisha kuutafutia mzigo nafasi. Tunashauri mpangilio huo ugeuzwe. Kabla hujaangalia tangazo lolote, jua uzito wa vitu vitatu: gari la porini lenyewe, vifaa vinavyobaki ndani yake, na tela tupu.

Tofauti kati ya gari na gari ni kubwa. Suzuki Jimny ya kizazi kilichoanza mwaka 1998 ina uzito wa tani moja na ziada ndogo. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 hupita tani mbili kabla haijafungwa bampa ya chuma, winchi na kichanja cha juu. Mtu mwenye gari la kwanza na mtu mwenye gari la pili hawatafuti pikapu ya namna moja, ingawa wote wawili watasema wanataka “pikapu ya kuvutia gari la porini”.

Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ikiwa gari limebadilishwa. Lipeleke kwenye mizani ya magari. Viwanda vingi vinavyopokea mazao au vyuma chakavu vina mizani ya namna hiyo, na mwenye mizani aweza kukubali kukupimia kwa malipo madogo. Pima gari likiwa juu ya tela, likiwa na kila kitu utakachosafiri nacho. Karatasi ya mizani utakayopewa ndiyo utakayoingia nayo yadini.

2. Mipaka minne ya mtengenezaji

Kila pikapu imewekewa mipaka na mtengenezaji. Minne ndiyo inayomhusu mwenye tela.

Mpaka wa kwanza ni uzito wa juu wa pikapu iliyopakiwa. Huu hujumlisha pikapu yenyewe, dereva, abiria, mizigo ya nyuma na ule uzito wa tela unaokandamiza sehemu ya kuunganishia.

Mpaka wa pili ni uzito wa juu wa tela. Kwa kawaida hutolewa kwa nambari mbili: moja ya tela lenye breki zake, nyingine ya tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi za ukubwa wa kati, nambari ya tela lisilo na breki ni kilo 750 tu. Muuzaji anapotaja tani tatu huwa anataja nambari ya kwanza bila kusema sharti lake.

Mpaka wa tatu ni uzito wa ncha, yaani uzito ambao ncha ya tela inaruhusiwa kuukandamiza kwenye tufe la kuunganishia. Kanuni ya kawaida ni kwamba ncha ibebe takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela. Ikibeba kidogo mno, tela huanza kuyumba huku na huko kadiri mwendo unavyoongezeka, na hatimaye hulipindua gari linalolivuta. Ikibeba mno, nyuma ya pikapu hukaa chini, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko, na usukani huwa mwepesi kwa namna inayotisha.

Mpaka wa nne ni uzito wa juu wa jumla, pikapu na tela vikiwa pamoja. Huu ndio mpaka unaosahauliwa kuliko yote, nao ndio unaobatilisha ahadi nyingi za yadini.

Mipaka hii hutafutwa kwenye bamba la mtengenezaji, ambalo mara nyingi hupigwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya chumba cha injini, na kwenye kitabu cha mwenye gari. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayaonyeshi kwenye bamba uwezo wa kuvuta. Hilo likitokea, usikubali kuazimiwa nambari ya gari lenye jina hilohilo lililouzwa nchi nyingine. Jina moja hubeba injini, giaboksi, difu na springi tofauti, na uwezo hutofautiana vilevile. Tafuta taarifa kwa kutumia msimbo kamili wa toleo la gari hilo, au muulize wakala wa mtengenezaji.

3. Hesabu ya mfano

Tuchukue pikapu ya mfano yenye milango minne, ambayo bamba na kitabu chake vinaonyesha hivi:

• uzito ikiwa haina watu wala mizigo, tangi likiwa limejaa: kilo 2,000
• uzito wa juu ikiwa imepakiwa: kilo 2,900
• uzito wa juu wa tela lenye breki: kilo 3,000
• uzito wa juu wa ncha: kilo 300
• uzito wa juu wa jumla, pikapu na tela: kilo 5,200

Safarini watakuwamo watu wanne wenye jumla ya kilo 300, pamoja na hema, maji, zana na chakula kilo 350. Pikapu peke yake sasa ina kilo 2,650.

Mnunuzi wa kwanza ana Jimny. Gari lina kilo 1,100, vipuri vilivyomo ndani kilo 100, tela tupu kilo 550. Tela lililopakiwa lina kilo 1,750, na ncha yake itakandamiza kilo 175. Pikapu itabeba 2,650 na 175, yaani kilo 2,825, chini ya mpaka wa 2,900. Jumla ya pikapu na tela ni 2,650 na 1,750, yaani kilo 4,400, chini ya 5,200. Pikapu inamfaa, ingawa amebakiwa na kilo 75 tu za kuongeza kwenye pikapu yenyewe. Akimkaribisha mtu wa tano, atapunguza vifaa.

Mnunuzi wa pili ana Land Cruiser yenye kilo 2,300, vifaa kilo 100, na tela imara zaidi la kilo 750. Tela lililopakiwa lina kilo 3,150. Amevuka mpaka wa tela. Ncha itakandamiza kilo 315. Amevuka mpaka wa ncha. Pikapu itakuwa na kilo 2,965. Amevuka mpaka wa pikapu. Jumla ni kilo 5,800. Amevuka mpaka wa jumla kwa kilo 600. Mipaka yote minne imevunjwa, na bado pikapu hiyo ingeondoka yadini ikilivuta tela lake bila kulalamika.

Sasa tuirudie ile kauli ya tani tatu. Ukitoa kilo 3,000 za tela katika kilo 5,200 za jumla, pikapu inabakiwa na kilo 2,200. Ukitoa uzito wake yenyewe wa kilo 2,000, zinabaki kilo 200 kwa ajili ya dereva, abiria na mizigo yote. Muuzaji hakusema uongo: pikapu inavuta tani tatu, ilimradi dereva asafiri na mwenzake mmoja na mkoba. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba hesabu ifanywe na mnunuzi mwenyewe, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika mkono.

4. Breki na mteremko

Anayepanda mlima na mzigo uliozidi hupata onyo: injini hupata joto, gia hukataa, mwendo hupungua. Anayeshuka hapati onyo kwa wakati. Breki zikikandamizwa mfululizo hupata joto hadi zikapoteza ukali. Dereva hukanyaga na kanyagio likashuka, lakini gari lisipunguze mwendo. Tela lisilo na breki husukuma pikapu kwa uzito wake wote, na katika kona husukuma nyuma ya pikapu upande mmoja.

Kwa hiyo tela la kubebea gari la porini liwe na breki zake. Hata gari dogo kama Jimny, likishapandishwa juu ya tela, huvuka kilo 750 mara mbili na zaidi. Aina iliyozoeleka ni ile inayojikaza yenyewe tela linapoisukuma pikapu. Nyingine huendeshwa kwa umeme na huhitaji kifaa maalumu ndani ya pikapu. Kabla ya kununua pikapu, hakikisha ina nyaya na soketi inayolingana na tela lako, na kwamba taa za breki na za kuashiria kona zinawaka nyuma ya tela.

Breki za pikapu yenyewe zikaguliwe magurudumu yakiwa yamefunguliwa. Tazama unene wa pedi, mikwaruzo na nyufa za diski, uvujaji kwenye silinda za nyuma, na rangi ya mafuta ya breki. Mafuta meusi yaliyokaa miaka mingi hunyonya unyevu na huchemka mapema, yaani hushindwa hasa pale yanapohitajika.

5. Dalili za pikapu iliyochoshwa

Pikapu iliyowahi kuvuta si mbaya kwa sababu hiyo tu. Ubaya huja ikiwa ilivutishwa kupita kiasi na kutunzwa chini ya kiasi. Mchukue fundi unayemwamini wewe, wala si yule anayekaa kivulini yadini akisubiri wateja wa muuzaji. Kagueni pamoja yafuatayo.

Chasisi. Ingieni chini ya gari kwa tochi. Tafuteni nyufa, kutu iliyokula chuma, na alama za kuchomelea, hasa nyuma ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapoungana na chasisi. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa sehemu moja tu ni sababu ya kuuliza swali.

Chuma cha kuvutia. Kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi, na kiwe na bamba linaloonyesha uwezo wake. Kilichochomelewa kwenye bampa hakifai kuvuta gari. Uwezo wa safari yako yote ni uwezo wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: chuma cha kilo 1,500 hakigeuki kuwa cha kilo 3,000 kwa sababu pikapu ina nguvu.

Klachi na giaboksi. Kwa gari la gia za mkono, simamisheni gari mlimani na muondoke taratibu. Klachi inayoteleza itapandisha mlio wa injini bila kuongeza mwendo. Kwa gari la kujiendesha gia, toeni kijiti cha kupimia mafuta, ikiwa lina kijiti, na myanuse. Harufu ya kuungua na rangi ya kahawia iliyokoza huashiria giaboksi iliyopikwa na mizigo.

Upoozaji. Fungueni rejeta injini ikiwa baridi. Maji yenye kutu au utando wa mafuta ni onyo kubwa. Kisha endesheni gari kwa muda usiopungua nusu saa, pamoja na kupanda mlima, mkitazama kipimo cha joto. Mzunguko mmoja wa kuzunguka yadi hauonyeshi chochote.

Difu, shafti na springi. Sikilizeni mvumo unaoongezeka na mwendo. Tazameni kama nyuma imekaa chini ingawa gari halina mzigo. Springi nene zilizoongezwa na mafundi hunyanyua gari lakini haziongezi mipaka ya mtengenezaji, kwa kuwa hazikuongeza breki, ekseli wala chasisi.

Matairi. Kila tairi lina msimbo wa tarakimu nne unaoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka mingi huweza kupasuka likipata joto na uzito. Angalieni pia kiwango cha mzigo kilichoandikwa ubavuni.

6. Nyaraka na historia

Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizopigwa kwenye gari na zile zilizoandikwa kwenye kadi ya usajili. Hakikisha jina la anayeuza ndilo lililo kwenye kadi, au ana mamlaka ya maandishi ya kuuza. Thibitisha kwa Mamlaka ya Mapato kwamba usajili ni halali na hakuna deni linalolifunga gari. Usipokee kadi iliyotolewa nakala kwa maelezo kwamba “ya asili iko benki”. Gari lililowekwa rehani linaweza kufuatwa hata likiwa mikononi mwako.

Kwa gari lililoingizwa kutoka Japani, omba kuona cheti cha kufutwa usajili cha huko. Cheti hicho hubeba usomaji wa kilomita uliochukuliwa wakati wa ukaguzi, nao unaweza kulinganishwa na ule wa dashibodi. Uwe makini pia na historia isiyolingana na ukweli wa soko. Toyota ilisitisha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017. Ukiambiwa kwamba Hilux ya mwaka 2010 ilitumiwa na mmiliki mmoja mjini Tokyo tangu ikiwa mpya, una haki ya kuuliza ilifikaje huko. Asili nyingine si kasoro. Kinachotia shaka ni maelezo yasiyosimama.

Kumbuka kwamba tela nalo husajiliwa na kuwa na namba yake. Uliza bima yako kwa maandishi kama inahusu tela na gari lililo juu yake, na hakikisha daraja la leseni yako linakuruhusu kuvuta uzito huo.

7. Kauli ya muuzaji iandikwe

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi ulinzi wa maana. Mnunuzi akimjulisha muuzaji kusudio la bidhaa, akategemea ujuzi wake, na bidhaa ikawa ya aina ambayo muuzaji huiuza katika biashara yake, huchukuliwa kwamba bidhaa itafaa kwa kusudio hilo. Lakini ulinzi huo una mipaka. Hauhusu kwa namna hiyo mtu binafsi anayeuza gari lake moja. Unaweza kupungua ukinunua kitu mahususi kwa jina lake la biashara. Na ukilikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini.

Njia salama ni kutoacha jambo lolote hewani. Andika kwenye mkataba sentensi kama hii: “Mnunuzi amemweleza muuzaji kwamba gari linanunuliwa kwa ajili ya kuvuta tela lenye breki lenye uzito wa kilo 1,750, na muuzaji anathibitisha kwamba gari hili, kwa mujibu wa mtengenezaji, linafaa kwa kazi hiyo.” Muuzaji mwaminifu atasaini. Anayekataa kusaini alichokitamka dakika kumi zilizopita amekupa jibu la bure.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kutoka kwa mfanyabiashara. Hifadhi tangazo la gari, ujumbe wa simu na karatasi ya mizani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na lalamiko lenye vielelezo husikilizwa kwa wepesi kuliko lenye kumbukumbu za mdomo.

8. Je, ni lazima kununua?

Kabla ya kuhitimisha, jiulize utavuta tela mara ngapi kwa mwaka. Anayelihamisha gari lake mara mbili anaweza kupata nafuu kwa kukodi lori la kubebea magari, na kubaki na gari dogo la matumizi ya kila siku. Pikapu nzito hula mafuta, matairi na breki hata siku ambazo haivuti kitu. Ukiamua kununua, usimalize fedha zote kwenye bei. Tenga akiba kwa ajili ya mafuta mapya ya injini, giaboksi, difu na breki, pamoja na matairi, kabla ya safari ya kwanza yenye mzigo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika biashara hii kinachovunjika chaweza kuwa zaidi ya chungu.

Zoezi la kujipima

1. Pikapu ya mfano katika sehemu ya 3 inabeba watu wawili wenye kilo 150 na vifaa vya kilo 200. Tela lililopakiwa lina kilo 2,600. Je, mpaka wowote umevunjwa?

2. Muuzaji anasema pikapu imefungwa springi nzito, hivyo sasa inavuta zaidi ya ilivyoandikwa. Utamjibu nini?

3. Utapimaje uzito wa ncha kwenye mizani ya magari?

Majibu

1. Hapana. Pikapu ina kilo 2,350. Ncha ni kilo 260. Pikapu pamoja na ncha ni kilo 2,610. Jumla ya pikapu na tela ni kilo 4,950. Mipaka yote imeheshimiwa, mradi tela lina breki.

2. Springi hazibadilishi breki, ekseli wala chasisi. Mpaka unabaki ule wa mtengenezaji.

3. Pima pikapu peke yake ikiwa imepakiwa. Kisha unganisha tela, na upime tena magurudumu ya pikapu tu yakiwa juu ya mizani. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa ncha.

Kata ukurasa huu wenye zoezi, uuweke pamoja na karatasi yako ya mizani, na uende navyo yadini. Muuzaji akitaja tani, mwombe akuonyeshe bamba, kisha mfanye hesabu pamoja.